Bawabu Aonekanaye na Bawabu Asiyeonekana

Mkanganyiko na chanzo chake

Katika zama hizi ambapo ofisi ya kata, zahanati, shule na kibanda cha wakala wa fedha vimeingia vyote katika mtandao wa kompyuta, ni machache yasemwayo mno na kufafanuliwa kidogo kama habari za ngome ya mtandao, ambayo mafundi huiita faiwoli na baadhi ya waandishi huiita ukuta wa moto. Mtu huambiwa kwamba ngome hizo ni za aina mbili, moja ipangayo njia, na nyingine ambayo kwa Kiingereza imepewa jina la kitu kipenyezacho nuru kama kioo. Na jina hili la pili likifasiriwa kwa pupa huwa "ngome ya wazi", ilhali katika Kiswahili mlango ulio wazi ni mlango usiofungwa, basi msikilizaji huondoka akiamini kwamba ameuziwa ulinzi usio na komeo. Mwingine husikia kwamba ngome hiyo haina anwani, akakata shauri kwamba haiwezi kushambuliwa abadani. Wa tatu huambiwa kwamba ngome ipangayo njia ndiyo ya kweli kwa kuwa huzificha anwani za ndani, akadhani kwamba kusitiri na kulinda ni jambo moja.

Kila moja ya rai hizo tatu ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayozifanya zidumu. Uchambuzi huu utaiita aina ya kwanza ngome elekezi, kwa kuwa huzielekeza pakiti, yaani vifurushi vya data, njia ya kupita, na ya pili ngome fiche, kwa kuwa imo njiani lakini majirani zake hawaioni. Neno fiche limechaguliwa kwa makusudi ili kuliepuka neno wazi, ambalo limekwisha kufanya madhara ya kutosha.

Mahali pa kuupimia mjadala patakuwa Goziba, kisiwa cha wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, kilichomo ndani ya Ziwa Victoria mbali na ufuko, ambacho maisha ya watu wake yamefungamana na sangara na dagaa. Hakikuchaguliwa kwa kuwa na mitambo ya ajabu. Kimechaguliwa kwa sababu kisiwani kila kitu huja kwa chombo, fundi naye akiwa miongoni mwa vitu hivyo. Na tatizo ambalo mjini Bukoba huondoka kwa kumpigia fundi simu akafika kabla ya adhuhuri, kisiwani hungoja ziwa litulie. Mahali kama hapo udhaifu wa kila ngome hujitokeza upesi kuliko sifa zake.

Majina mawili ya mzigo mmoja

Hakuna awezaye kuzielewa ngome hizi pasipo kufahamu kwamba kila pakiti ya data husafiri ikiwa na anwani za namna mbili. Tuchukue mfano wa gunia la dagaa wakavu litokalo Goziba kwenda kwa mnunuzi wa Mwanza. Juu ya gunia limeandikwa jina la mwenye mzigo na jina la mpokeaji, nayo hayafutiki hadi mzigo ufike. Lakini jina la chombo na la nahodha ni jambo la kila awamu ya safari, kwani gunia hutoka katika boti likaingia katika gari, likatoka garini likaingia melini pale Kemondo, na kila lihamishwapo hati ya uchukuzi huandikwa upya ilhali jina lililo juu ya gunia limebaki lile lile.

Anwani ya IP ndiyo jina lililo juu ya gunia. Katika mfumo wa zamani ulioenea zaidi ni namba ya biti 32, iandikwayo kwa mafungu manne, na huonyesha mwanzo na mwisho wa safari nzima. Anwani ya MAC, yenye biti 48, ndiyo jina la mchukuzi wa awamu moja tu. Hutiwa katika bahasha ya nje iitwayo fremu, na haina maana yoyote nje ya mtandao wa chumba au jengo lile. Ili kompyuta ijue fremu impelekee nani, hupiga mbiu kwa utaratibu uitwao ARP, uliowekwa mwaka 1982: nani kati yenu mwenye anwani hii ya IP? Mwenyewe hujibu kwa kutaja anwani yake ya MAC, na mazungumzo huanza.

Swichi huisoma bahasha ya nje tu, na haigusi chochote. Rauta huifungua bahasha ya nje, husoma jina lililo juu ya gunia, huamua njia, kisha huutia mzigo katika bahasha mpya. Tofauti nzima ya ngome elekezi na ngome fiche imo katika sentensi hizo mbili: ngome elekezi ni rauta yenye silaha, na ngome fiche ni swichi yenye silaha. Silaha zenyewe ni zile zile.

Ngome zilitoka wapi

Hapo awali mitandao mikubwa ya Marekani iliaminiana kama majirani wa mtaa mmoja, hata tarehe 2 Novemba 1988 programu iliyotungwa na mwanafunzi Robert Morris ilipojisambaza yenyewe ikazilemaza maelfu ya mashine kwa muda mfupi. Tangu hapo rauta zilizidi kupewa orodha za wanaoruhusiwa na wanaokatazwa. Orodha hizo zilikuwa na upungufu mkubwa, maana ziliihukumu kila pakiti peke yake, pasipo kukumbuka kilichotangulia, mithili ya bawabu asahauye kila mgeni mara tu ampitapo. Mwaka 1994 mambo mawili yalitukia kwa pamoja: kampuni ya Check Point ilitoa ngome yenye kumbukumbu ya mazungumzo, na kampuni ndogo iitwayo Network Translation ilitoa mtambo wa PIX, ambao kampuni ya Cisco iliununua pamoja na kampuni yenyewe mwaka uliofuata.

Yafaa kuutazama mtambo huo wa PIX kwa makini, kwa kuwa asili yake inaeleza kosa la yule mtu wetu wa tatu. Haukubuniwa kwanza kwa sababu ya wezi. Ulibuniwa kwa sababu anwani za IP, ambazo jumla yake ni takriban bilioni 4.3, zilikuwa zinaonekana dhahiri kwamba hazitautosha ulimwengu, na mtambo ule uliwawezesha watu wengi wa ndani watoke nje kwa anwani chache. Usitiri ulikuja kama ziada, na wauzaji wakaigeuza ziada kuwa sifa kuu. Ngome elekezi basi ndiyo iliyotangulia, kwa kuwa ilizaliwa na rauta. Ngome fiche, ingawa mafundi wa mifumo huria kama OpenBSD walikwisha kujua namna ya kuiunda, iliingia katika mitambo ya PIX kwa toleo la 7.0 mwaka 2005.

Safari ya pakiti katika ngome elekezi

Tuseme ofisi moja kisiwani ina kompyuta yenye anwani 192.168.10.25, nayo yataka kuzungumza na seva iliyoko Dar es Salaam. Kompyuta hujua kwamba seva haimo katika mtandao wake, kwa hiyo huipeleka fremu kwa lango, na lango hilo ni ngome yenyewe, yenye anwani yake, tuseme 192.168.10.1, ijulikanayo na kila kifaa cha ofisi. Ngome hupokea fremu kwa kuwa imeandikiwa yeye hasa. Huivua bahasha ya nje, kisha hulitazama daftari lake la mazungumzo: je, mtu huyu anaendelea na maongezi yaliyokwisha kuruhusiwa, au ndiyo kwanza anabisha hodi?

Neno hodi hapa si pambo. Mazungumzo mengi ya intaneti huanza kwa pakiti tatu ambazo hazina budi kufuatana kama adabu ya nyumba ya Kiswahili: mgeni hupiga hodi, mwenyeji huitikia karibu, na mgeni hujibu starehe kisha akaingia. Ngome yenye kumbukumbu huifuata adabu hiyo hatua kwa hatua. Pakiti ijayo kutoka nje ikisema "starehe" kwa mwenyeji ambaye hakukaribisha mtu hutupwa hapo hapo. Hodi itokayo ndani hulinganishwa na orodha ya ruhusa. Ikiruhusiwa, ngome huandika daftarini mambo matano, yaani anwani ya atokaye na ya aendewaye, namba ya poti, yaani ya programu inayohusika, ya kila upande, na aina ya itifaki. Majibu yarudipo hayahitaji ruhusa mpya, maana jina lao limo daftarini.

Kisha hufuata kazi ya kubadili anwani, iitwayo NAT, iliyoelezwa katika waraka wa mwaka 1994. Anwani zianzazo kwa 10, au kwa 192.168, au zilizo kati ya 172.16 na 172.31, zilitengwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba, na hakuna rauta ya intaneti iwezayo kuzirudishia majibu. Ngome basi hulifuta jina la mtumaji lililo juu ya gunia, huandika jina lake yenyewe pamoja na namba ya poti ya kumbukumbu, na majibu yajapo hulirudisha jina la asili. Mwisho huamua njia, humwuliza mchukuzi wa awamu ifuatayo anwani yake ya MAC, huuvika mzigo bahasha mpya na kuutoa. Wakati wote huu ngome imekuwa mshiriki anayejulikana: ina jina, ina anwani upande wa ndani na upande wa nje, na ikiondoka, kila kompyuta ofisini hubaki ikiuliza lango liko wapi.

Ngome ya namna hii huweza kuwa na milango zaidi ya miwili, na hapo ndipo ifaapo kulinganishwa na nyumba ya mwambao. Ndani hukaa wenyeji. Nje ni njia ya watu wote. Na kati yake kuna baraza, ambapo mgeni huketi na kuhudumiwa pasipo kuingia ukumbini. Seva ihudumiayo umma huwekwa barazani, ili hata ikiharibiwa na mwovu asipate kuifikia hazina ya ndani. Katika mitambo ya Cisco milango hiyo hupewa daraja, wa ndani 100 na wa nje 0, na desturi ni kwamba mwenye daraja la juu huweza kushuka, ila wa chini hapandi pasipo ruhusa iliyoandikwa.

Safari ya pakiti katika ngome fiche

Sasa ichukuliwe ofisi ile ile, lakini lango 192.168.10.1 liwe ni rauta ya kampuni ya mawasiliano, ambayo ofisi haina nywila yake. Ngome fiche huwekwa katikati ya rauta hiyo na swichi ya ofisi, kebo moja ikiingia na nyingine ikitoka, na pande zote mbili hubaki katika mtandao mmoja wenye anwani zile zile. Kompyuta hupiga mbiu ya kulitafuta lango. Mbiu hupita ngomeni, rauta hujibu, na jibu hupita likirudi. Ngome, kama swichi, hujifunza kwa kusikiliza kwamba anwani fulani ya MAC iko upande huu na nyingine upande ule.

Fremu yenye pakiti ifikapo, haikuandikiwa ngome, wala ngome haidai kuwa ndiye mpokeaji. Huipekua vivyo hivyo: daftari ni lile lile, orodha ya ruhusa ni ile ile, na adabu ya hodi hufuatwa vile vile. Ikiridhika, huiachilia fremu ikiwa katika bahasha yake ya awali, ikiwa na MAC ya kompyuta kama mtumaji na MAC ya rauta kama mpokeaji, hata rauta haina njia ya kujua kwamba kulikuwa na mpekuzi. Ni kama mkaguzi aliyesimama kwenye gati akayatazama magunia yanapopita bila kumhamishia nahodha mwingine mzigo wake.

Hata hivyo, kufanana huko na swichi kuna mipaka. Swichi ya kawaida isipojua mwenye anwani ya MAC yuko upande gani, huimwaga fremu katika milango mingine yote. Ngome fiche za Cisco hazifanyi hivyo, bali huitupa fremu ile na kutuma ulizo lake zenyewe ili kumtafuta mwenyewe, kwani kumwaga ni kupitisha kitu pasipo kujua kinakokwenda. Kadhalika, mbiu za ARP hupita kwa kawaida, lakini matangazo mengine yaendayo kwa watu wengi kwa pamoja, yakiwemo maombi ya DHCP, ambayo kwayo kompyuta huomba anwani, na salamu za rauta zinazobadilishana habari za njia, hayapiti mpaka yaandikiwe ruhusa. Hapa ndipo wafungaji wengi wa ngome fiche huadhirika siku ya kwanza: kompyuta huamka asubuhi, huomba anwani, hazijibiwi, na kila moja hujitwalia anwani ianzayo kwa 169.254 isiyoifikisha popote, ilhali taa zote za mtambo zinawaka kijani.

Ama kuhusu yule aliyedhani kwamba kisicho na anwani hakishambuliki, atambue kwamba ngome fiche haina anwani katika njia ya pakiti, lakini hupewa anwani moja ya usimamizi ili fundi aweze kuifikia na kuiamrisha. Anwani hiyo ikiachwa ifikike na kila mtu, na nywila ikiwa ni ile iliyotoka nayo kiwandani, ufiche wote umekuwa mchezo wa mtoto aliyeziba macho yake akadhani haonekani.

Hoja za upande wa elekezi

Wapendao ngome elekezi wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni kwamba ofisi ndogo haina budi kuwa na mtu wa kubadili anwani na kupanga njia. Maadamu kazi hiyo lazima ifanywe na kifaa fulani, kuiunganisha na ulinzi katika kifaa kimoja ni kupunguza gharama, umeme na vitu vya kuharibika. Tena ngome hii huweza kuwa mwisho wa handaki la siri kati ya kisiwa na makao makuu ya wilaya, ili mazungumzo ya ofisi yasisomwe njiani, jambo ambalo ngome fiche kwa kawaida haiwezi kulifanya kwa ajili ya wapitao ndani yake. Na ofisi ikiwa na njia mbili za kutokea, tuseme mnara wa simu kwa siku zote na satelaiti kwa siku ya dharura, zote mbili huishia ngomeni, nayo huamua itumike ipi. Ngome fiche iliyowekwa kwenye njia moja huona nusu tu ya mazungumzo yatokayo huku na kurudi kule. Ikimwona mgeni asemaye "starehe" pasipo kuisikia "karibu", humfukuza, na watu hushangaa kwa nini intaneti inafanya kazi kwa kurasa hizi na kukataa kwa nyingine.

Hoja nyingine ni ya uchunguzi. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, na nchi za Afrika Mashariki zikapata intaneti ya kusuasua au zisipate kabisa, swali la kwanza katika kila ofisi lilikuwa moja: kasoro iko kwetu au iko kwa wengine? Ngome elekezi hulijibu upesi, kwa kuwa ni kituo chenye jina katika safari. Fundi huiita, ikamjibu, kisha huita kituo kinachofuata, na pale panapokosa jibu ndipo palipo na kasoro. (Hata hapa pana hadhari, maana desturi ya kila rauta ni kupunguza moja katika hesabu ya uhai wa pakiti, na kwa hesabu hiyo ndipo vituo huhesabiwa; lakini baadhi ya ngome elekezi, zikiwemo za Cisco zisipoamriwa vinginevyo, huipitisha hesabu bila kuigusa, zikajificha katika orodha ya vituo ingawa ni rauta kamili. Bawabu aonekanaye naye hupenda kujistiri mara moja moja.)

Upungufu wake ni kwamba huingia kwa kishindo. Kuiweka mahali palipokuwa na mtandao tayari ni kugawa upya anwani: pande zake mbili haziwezi kuwa katika mtandao mmoja, kwa hiyo ama kompyuta zote zihamie anwani mpya, ama rauta ya nje ibadilishwe. Pale ambapo mashine ya kuchapishia, mizani ya samaki au mtambo wa maabara umepewa anwani isiyobadilika na mtu aliyekwisha kuhama kazi, kubadili anwani ni kutafuta ugomvi. Na ofisi ikiwa nyuma ya mtandao wa simu ambao nao umekwisha kubadili anwani kwa wateja wake, mabadiliko huwa mawili, moja juu ya jingine, na huduma zinazotaka kufikiwa kutoka nje huvunjika kwa namna ngumu kuieleza.

Hoja za upande wa fiche

Wateteao ngome fiche huanzia hapo hapo wenzao wanapoishia. Ngome yao huingia pasipo kumsumbua mtu: hakuna anwani inayobadilika, hakuna rauta ya watu inayoguswa, na zahanati yaweza kufungiwa ulinzi wakati wa chakula cha mchana, alasiri ikaendelea na kazi kama kawaida. Pale ambapo mtoa huduma ameifunga rauta yake kwa nywila na hataki mkono wa mtu mwingine, hii huwa ndiyo njia pekee ya staha. Tena huweza kuwekwa mbele ya kifaa kimoja tu kilicho dhaifu, kama vile kompyuta yenye programu kuukuu isiyopata tena marekebisho ya mtengenezaji, ikailinda hata dhidi ya majirani zake wa chumba kile kile. Hiyo ni kazi ambayo ngome elekezi iliyoko langoni haiiwezi, kwa sababu majirani wanapozungumza wao kwa wao hawapiti langoni.

Hoja yao iliyo ya maana zaidi kwa kisiwa, na ambayo hutajwa kwa nadra, ni namna ngome hii inavyokufa. Ngome elekezi ikiungua, ofisi haina lango, na hakuna awezaye kuirudisha isipokuwa kwa kuleta nyingine iliyoandikwa maagizo yale yale. Ngome fiche ikiungua, karani asiye fundi, akielekezwa kwa simu, huweza kuchomoa kebo mbili na kuiunganisha swichi na rauta kwa kebo moja, na ofisi ikarudi hewani papo hapo. Baadhi ya mitambo hufanya hivyo yenyewe, kwa kuwa ina kiungo ambacho umeme ukikatika huunganisha pande mbili kama waya mtupu. Mahali ambapo umeme ni wa jua na betri, na ziwa huweza kuchafuka siku kadhaa, faida hiyo si ya kubezwa.

Wala hatari yake si ya kubezwa. Ofisi iliyorudi hewani bila ngome haisikii maumivu yoyote. Kurasa hufunguka, pengine kwa kasi zaidi. Na kwa kuwa ngome fiche haikuwa ikionekana ilipokuwepo, haionekani pia ilipoondoka. Ngome elekezi ikifa, watu hulalamika mpaka itengenezwe. Ngome fiche ikiondolewa, huweza kupita mwaka mtambo ukiwa juu ya kabati umefunikwa vumbi, na kila aulizwaye akajibu kwa yakini kwamba ofisi ina faiwoli. Jina lile la kioo, ambalo limewakanganya watu, hapa limesema kweli bila kukusudia.

Yasiyotofautiana

Pande zote mbili hushindwa mambo yale yale, na hapa maneno machache yatatosha. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya leo imefungwa kwa siri ya hesabu, kwa hiyo ngome huisoma bahasha, si barua. Aletaye programu mbaya kwa kidude cha mfukoni na kukichomeka katika kompyuta hakupita katika ngome ya aina yoyote. Hata ngome za mawe zilishindwa na kilichokuwa ndani: ngome ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na ndani ya kuta zile nene maradhi yalikuwa adui mkali kuliko mizinga. Na katika anwani mpya za biti 128, ambazo hazihitaji kubadilishwa njiani kwa sababu ya uhaba, ile dhana kwamba NAT ndiyo ulinzi huanguka yenyewe, maana kifaa cha ndani huwa na anwani ijulikanayo dunia nzima, na kinachokilinda ni daftari la mazungumzo tu, ambalo ngome zote mbili zinalo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 nayo haimchagulii mtu aina ya ngome. Humtaka ashikaye taarifa za watu azilinde.

Mizani

Basi swali lililozoeleka, ipi ni imara zaidi, halina jibu kwa sababu halikuulizwa vizuri. Uimara umo katika orodha ya ruhusa na daftari, nayo ni sawa kwa zote mbili. Lililo la kupimwa ni je, mahali hapa panahitaji mtu wa kupanga njia na kubadili anwani. Je, kuna anwani zisizoweza kuguswa. Na ngome ikifa usiku, nani aliye karibu nayo.

Kwa ofisi mpya ya Goziba, yenye njia moja ya kutokea, kompyuta chache na hakuna urithi wa anwani za zamani, ngome elekezi ndiyo ya kuchagua, na wingi wa hoja uko upande wake: rauta inahitajika hata hivyo, kifaa kimoja hula umeme mdogo kuliko viwili, na kufa kwake kwa kelele ni heri kuliko kufa kwa kimya. Sharti ni moja, kwamba nakala ya maagizo yake ihifadhiwe Muleba au Bukoba, na kifaa cha akiba kilichokwisha kuandikwa kiwe kisiwani, katika sanduku lisiloingia maji. Pasipo hicho cha akiba, sehemu kubwa ya faida tuliyoihesabu hupotea siku ya kwanza ya dhoruba.

Kwa zahanati au ofisi iliyokwisha kujaa vifaa vyenye anwani zisizobadilika, nyuma ya rauta ya kampuni isiyoguswa, ngome fiche ni ya haki, na kulazimisha elekezi hapo ni kupenda nadharia kuliko wagonjwa. Kwa makao makuu ya wilaya, yenye idara nyingi na seva zihudumiazo umma, hakuna sababu ya kuchagua moja: elekezi ikae langoni ikiwa na baraza yake, na fiche ikae ndani mbele ya seva zile ambazo hata wafanyakazi wa jengo lenyewe hawapaswi kuzifikia ovyo. Vifaa vingi vya siku hizi huweza kugawanywa ndani vikafanya kazi zote mbili, ingawa anayevigawanya sharti awe amezielewa zote mbili, na kifaa kimoja kikiungua bawabu wawili hufa kwa pamoja.

Popote ngome fiche itakapowekwa kisiwani, kuna nyongeza moja isiyogharimu chochote. Karatasi ibandikwe ukutani kandoni mwa mtambo, ionyeshe kebo ipi ni ya ndani na ipi ni ya nje, anwani ya usimamizi iliyoachwa kwa mkuu wa ofisi ikiwa haimo humo. Na chini yake pawe na mistari mitupu, ili siku karani atakapoziunga kebo mbili bila ngome kwa amri ya simu, aandike tarehe ya siku hiyo, na tarehe ya chombo kitakachomleta fundi.